Taa za breki hazizimi? Anza kwa kuangalia kapeti ya dereva

Kitu saa tano usiku soja wa geti alinigongea mlango akaniambia, "Baba Wanjiru, gari yako inawaka taa nyuma, umesahau kuzima?" Nikashuka nikidhani ni paki tu, nikazungusha swichi ya taa, wapi. Ufunguo niko nao mkononi, milango imefungwa, na taa zote tatu za breki zinawaka ni kama kuna mtu ndani amekanyaga pedali.

Sikujua cha kufanya nikarudi kulala, asubuhi betri imekufa kabisa, ikabidi jirani anipee jampa ndio nifike kazi. Kumbe gari nyingi taa za breki zinatoa moto moja kwa moja kwa betri hata ukitoa ufunguo, na balbu moja ya kawaida ni wati 21, sasa piga hizo mara mbili uongeze ile ya juu kwa kioo, betri ndogo kama zetu itaamka aje?

Fundi wa kwanza aliniambia wiring ya nyuma imeungua yote, lazima afungue viti na buti, na bei aliyotaja ilikuwa karibu rent ya mwezi. Nilikuwa karibu kukubali, na hii ndio sababu naandika, juu najua kuna mtu saa hii anaambiwa hivyo hivyo. Nikapeleka kwa mzee mmoja wa umeme wa gari huko Kirinyaga Road na huyo hakufungua kitu, aliinama tu mlango wa dereva akapapasa kapeti akaniwekea kwa kiganja vipande vya plastiki, vyeupe vilivyogeuka njano, ukifinya kimoja kinavunjika kama ganda la yai.

Sasa skia vile inafanya. Juu ya pedali ya breki, ndani kabisa karibu na usukani, kuna swichi ndogo iko na kidude kama kichwa cha kalamu ya biki. Ukiachilia breki, mkono wa pedali unarudi unafinya hicho kidude, taa zinazima, ukikanyaga kinatoka, zinawaka. Hapo kidude kinagusia pedali kuna tundu, na hilo tundu limezibwa na kastopa ka plastiki au raba kadogo kuliko shilingi. Gari zetu zinafika kutoka Japani zikiwa na miaka yake tayari, hako kastopa kanakauka, kanapasuka (ndio vile vipande vya kwa kapeti), basi kidude kinapita ndani ya tundu na hakifinywi tena. Swichi ni nzima, waya ni nzima.

Kabla uende kwa fundi yeyote, chukua tochi ya simu, ingiza kichwa huko chini na ufinye kidude na kidole huku mtu akisimama nyuma ya gari. Taa zikizima, tatizo ni kastopa, ama swichi imelegea kwa nati yake. Zikikataa, hapo sasa mara nyingi ni swichi yenyewe imekwama ndani, na hio pia ni kazi ya dakika chache. Kama ni upande mmoja tu unawaka, wachana na pedali, angalia balbu na ethi (waya wa negativu unaoshikana na bodi ya gari) ya upande huo, mara nyingi mtu aliweka balbu isiyo yake.

Lakini kama pedali yenyewe hairudi juu, ama rimu inachoma mkono ukiigusa, usiendeshe, hio ni breki imeshika na si mambo ya taa tena.

Usiku ukipatikana kama mimi, toa fyuzi iliyoandikwa STOP ama fungua terminali ya negativu na spana namba 10, ulale. Asubuhi rudisha kwanza, juu bila hio fyuzi hauna taa za breki kabisa na gari nyingi za otomatiki hazitatoka kwa P, ile gia ya kupaki. Na tafadhali usizoee kuendesha zikiwaka tu, wa matatu aliye nyuma yako Thika Road hana njia ya kujua saa gani umekanyaga kweli.

Kastopa kalinigharimu chini ya shilingi mia mbili. Nilinunua mbili, ingine iko kwa dashibodi.