Maswali yenu: Je, watoto wetu watatolewa kwenye NDIS (mpango wa serikali ya Australia wa kulipia huduma za walemavu)?

SWALI: Habari dada, sisi tulitoka kambi ya Nyarugusu tukaletwa Australia, tuko Brisbane. Mwanangu ana miaka 6, ana usonji, NDIS inamlipia mwalimu wa kuongea na mwingine wa kumzoesha kuvaa na kushika kijiko. Sasa kanisani watu wanasema serikali inawatoa watoto wote wa usonji mana hela zimeisha, wengine wanasema ni sisi wageni ndo tumezimaliza. Usiku silali. Wanaweza kumtoa kweli? (Mama wa Brisbane)

JIBU: Pole sana dada yangu, na nianze na hilo la wageni kwa sababu limeniuma. Sio nyinyi mliozimaliza. Kuingia NDIS lazima uwe raia au una viza ya kudumu, na nyie mliopokelewa kama wakimbizi mmeingia kwa haki ileile ya jirani yenu, tena makato ya Medicare (kodi ya bima ya afya ya serikali) yalipandishwa Julai 2014 kutoka asilimia 1.5 mpaka 2 ya kipato ili kuubeba huu mpango, kwa hiyo kama baba watoto anakatwa kwenye mshahara basi na yeye anachangia.

Sasa ugomvi wenyewe umetoka wapi. Sheria ilipita 2013 wakati wa waziri mkuu Julia Gillard, akalia kabisa bungeni akiwasilisha yale makato, na upinzani nao uliunga mkono, kitu ambacho hukioni kila siku. Lakini ile nusu asilimia haikutosha tangu mwanzo. 2017 serikali ya upande wa pili ikataka kupandisha tena mpaka 2.5, mwaka uliofuata wakaachana nalo, kwa hiyo pengo likabaki kwenye bajeti ya kawaida. Hesabu za 2011 ziliwaza watu kama laki 4 hivi, leo wamepita laki 7 na mwaka wa fedha 2024-25 zilienda kama dola bilioni 46.

Watu wameongezeka kwa nini? Hapa wanasiasa huwa wanapita haraka sana. NDIS ilipoanza majimbo mengi yalivuta mikono, zile huduma ndogondogo za watoto za kliniki na mashuleni zikapungua, kwa hiyo mama ambaye mtoto wake amechelewa kuongea akabaki na mlango mmoja tu wa kubisha. Akibisha mnamwambia amejaza foleni! Ripoti ya Desemba 2023 ya kuuchunguza mpango huu, iliyoongozwa na Bruce Bonyhady na Lisa Paul ilisema karibu hivyohivyo, na Bonyhady ni mmoja wa walioupigania huu mpango tangu haujazaliwa. Afu kuna makubaliano kwamba mchango wa majimbo unapanda asilimia 4 tu kwa mwaka, kinachozidi ni cha serikali kuu, ndo mana serikali kuu inasukuma watoto warudi kwa majimbo na majimbo yanasukuma nyuma.

Agosti 2025 waziri Mark Butler akatangaza Thriving Kids, mpango wa watoto wa miaka 8 kushuka chini wenye usonji au ukuaji uliochelewa wa kiwango kidogo na cha kati, dola bilioni 2 za serikali kuu na majimbo yaweke sawa na hizo. Kwa hiyo sio watoto WOTE wa usonji, mwenye ulemavu mkubwa na wa kudumu anabaki NDIS. Hiyo waambie kanisani.

Mimi wazo lenyewe silipingi, mtoto kusaidiwa palepale chekechea bila mzazi kuzunguka na makaratasi ni kitu kizuri. Ninachopinga ni kubomoa kibanda wakati nyumba haijaezekwa, na tarehe ya kuanza wenyewe wameshaisogeza mbele maana hapakuwa tayari. Na hicho kiwango "cha kati" nani anakipima? Nilifanya kazi ya kuhudumia walemavu miaka kadhaa, nikakaa na mama mmoja wa kwetu siku ya mapitio ya plani, yaani wanapoangalia upya mtoto alipiwe huduma gani, akaulizwa mtoto anakula mwenyewe, akasema ndio, analala vizuri, ndio, anacheza na wenzake, ndio. Nyumbani yule mtoto alikuwa analishwa na anaamka mara nne usiku. Mama hakudanganya kwa ubaya, sisi tumelelewa hivyo, mtoto wako humwaibishi mbele ya mgeni. Plani ilirudi imekatwa karibu nusu, nikalia naye jikoni.

Kwa hiyo dada, siku ya mapitio eleza siku mbaya, sio siku nzuri. Omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure, na usimtumie mtoto mkubwa kutafsiri. Anza sasa kukusanya barua za mwalimu wa shule na za hao wanaomfundisha, ziseme anahitaji nini asipokuwa nao. Wakikata, una miezi 3 kuomba uamuzi uangaliwe upya, na wakikataa tena unaenda baraza la rufaa. Na mbunge wa eneo lenu muandikieni kama kikundi hapo kanisani, mchungaji asaidie, waulizeni kitu kimoja tu: huduma mpya Brisbane inafungua wapi na lini kabla mtoto hajatolewa.

SWALI: Baba yangu ana 68, alipata kiharusi mwaka jana, NDIS wamemkataa kwa sababu ya umri, ni sawa? (Kijana wa Perth)

JIBU: Kisheria ndio, lazima uombe kabla hujafika 65. Mimi naona ni uonevu mtupu, mwenye 64 akipata kiharusi kilekile akaomba mapema anaingia na hata akizeeka anabaki, lakini baba yako anaambiwa uende kwa wazee. Kwa sasa mpeleke My Aged Care, ofisi ya serikali ya huduma za wazee, omba apimwe nyumbani na wewe uwepo, na yeye pia umwambie asijibu kila kitu "naweza".