Halloween na watoto nyumbani

Dada yangu, umesema mmehamia Ohio, Marekani, mwaka huu, watoto wanaitaka Halloween nawe huielewi. Usiogope. Ni mkesha wa Watakatifu Wote, Oktoba 31, wenye mizizi ya Samhain, sikukuu ya kale ya Ayalandi iliyofunga mavuno na kufungua majira ya baridi. Kule walichonga tanipu, mboga ya mzizi, kuwa taa. Waliohamia Marekani wakakuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga.

Nunueni boga moja mlichonge pamoja. Mbegu msizitupe kabisa! Zioshe, zikaushe, zikaange kwa chumvi kama tulivyozoea kwetu. Tamu mno.

Jioni, taa ya barazani ikiwaka, watoto wa jirani waliovaa barakoa watabisha wakitaka peremende. Hamtaki wageni? Izimeni tu, wataelewa. Mdogo akiogopa barakoa, mwonyeshe mchana, aishike mwenyewe.