Kumleta mwenzi mpya kwa watoto

Dada, umeuliza kama miezi minne tangu utengane na mumeo inatosha kumleta huyo kaka nyumbani, watoto wakiwa na miaka 5 na 11. Mimi naona bado. Wa miaka 5 atamzoea kwa soda moja tu, na hiyo ndiyo hatari: mkiachana, mtoto ameachwa mara ya pili. Wa miaka 11 ndiye wa kuongea naye kwanza, peke yenu, mnachambua mchicha au mnakunja nguo. Ukimkalisha mkatazamana hatasema kitu. Akinuna, mwache anune. Na asilazimishwe kumwita baba, anko inatosha.

Siku ya kwanza wakutane nje, chipsi na juisi, saa moja, kila mtu kwao. Kulala hapo kwako, hapana kwa sasa.

Baba yao mwambie wewe mwenyewe, asisikie kwa watoto (au kwa mashoga zako, ndiyo balaa zaidi). Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 huona mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, lakini dhana hiyo inapingika mahakamani. Usimpe mtu sababu ya kuipinga.