Kengele ya Malaika wa Bwana aliipiga Mlutheri

Tumsifu Yesu Kristo mhariri, na wasomaji wenzangu habari za huko mliko. Wiki hii mmeuliza kama shule za msingi za Kikatoliki bado zinalea imani ya watoto au zimebaki biashara ya English medium, na mimi swali nimelisoma jioni ileile niliyotoka kulipa ada ya muhula, kwa hiyo mtanivumilia nikianza kwa ukali.

Kwanza kabisa masista muwaache. Watu wanaona basi jipya la shule na ukuta umepigwa rangi, basi tayari wanasema kanisa linatajirika. Hivi mnajua mshahara wa mwalimu wa shule ya masista unatoka wapi? Serikali haimlipi, analipwa na ada yangu na yako, mpishi hivyohivyo, umeme, chaki, dizeli, kila kitu. Na wale wanaopenda kusema enzi za misheni watu walisoma karibu na bure wanasahau kwamba padre wa enzi hizo alikuwa anatumiwa hela na vitabu kutoka Ulaya, na serikali ya Mwingereza nayo ilikuwa inazipa shule za misheni ruzuku. Nani anatoa leo? Wale wa Ulaya wenyewe makanisa yao yamebaki na bibi wachache viti vya mbele. Kwa hiyo kwenye hilo la biashara mimi niko upande wa masista, mtu asiniambie kitu.

Ila hilo la kulea imani naona mmeliuliza kiajabu kidogo. Imani ya mtoto wa miaka tisa utaipima kwa nini? Kwa sala anazozijua kichwani? Basi binti yangu ni mtakatifu, maana anayataja matendo yote ya Rozari kwa Kiingereza, ya furaha, ya uchungu, ya utukufu, mpaka yale ya mwanga aliyoongeza Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002 ambayo mimi mpaka leo nayachanganya. Mi nadhani cha kuuliza ni kama shule inamfanya mtoto ajue yeye ni mtu wa nani, yaani akifiwa nani anakuja, na wakifiwa wenzake yeye anakwenda au haendi. Hilo ndo naweza kulijibu, na ili nilijibu lazima niwapeleke kwetu Kibosho, mlimani Kilimanjaro.

Wa kwetu wanajua dini zilivyogawana mlima. Mapadre wa Roho Mtakatifu walitoka Bagamoyo wakapanda, wakaanzia Kilema mwaka 1890, Kibosho wakafungua 1893, na mwaka huohuo 1893 Walutheri wa Kijerumani wa Leipzig wakaweka misheni yao Machame, jirani tu hapo. Tangu siku hizo ukizaliwa upande huu wewe ni Roma, yaani Mkatoliki, ukizaliwa upande ule ni Mlutheri, hakuna aliyekuuliza unapenda nini. Sasa shule niliyosoma mimi iko chini kidogo ya kanisa la parokia, katikati hakuna uzio, unatoka darasani unaingia kwenye migomba ya paroko unatokea sakristia. Na pale shuleni tulikuwa na mlinzi, mzee mmoja mpole, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, ndo mpiga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya gari imening'inizwa kwenye mparachichi. Alikuwa anagonga ya mstarini, ya vipindi, ya mapumziko, na saa sita kamili anagonga ya sala ya Malaika wa Bwana, tatu, tatu, tatu, halafu mfululizo, na ikilia hiyo unasimama ulipo, hata kama mpira uko mguuni na goli liko wazi unasimama. Yeye mwenyewe anavua kofia. Sasa mzee huyu alikuwa Mlutheri wa Machame, na sisi watoto hatukujua mpaka alipokufa.

Alikufa Oktoba, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niko darasa la tano. Tukaambiwa mstarini asubuhi kwamba mzee amefariki usiku na atazikwa kesho kutwa kwao, kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, ng'ambo ya mto. Wasichana wakaanza kulia, nadhani wengine tulilia kwa sababu wenzetu wanalia. Halafu mwalimu mkuu akasema kesho kutwa shule nzima kuanzia darasa la nne itakwenda kuzika, kila mtoto aje na mti mmoja wa kuni, na wavulana wa la saba wabebe ndizi. Hapo katekista, ambaye alikuwepo kwa ajili ya kipindi cha dini, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akasema mwalimu, kesho kutwa kuna mafundisho ya Kipaimara, Baba Askofu anakuja mwezi ujao na watoto bado hawajashika vipaji saba vya Roho Mtakatifu, na isitoshe (nakumbuka alishusha sauti lakini mstari wa mbele tulisikia) kule ni kwa Walutheri, watoto watachanganywa. Mwalimu mkuu wetu si mtu wa kanisa sana, tulikuwa tunamwona Pasaka na Krismasi, na mwaka mwingine Krismasi yenyewe haonekani. Akamwangalia katekista, akamuuliza, huyu mzee amekugongea Malaika wa Bwana miaka yote hii, ulishawahi kumuuliza anasali wapi? Katekista kimya. Basi tukaenda.

Jamani ile safari. Unashuka mpaka mtoni, njia ni utelezi maana mvua za vuli zilikuwa zimeanza kuchokoza, kuni kichwani, sketi ya bluu imefungwa fundo isishike tope, wadogo wanaanguka wanacheka halafu wanakumbuka kwamba ni msiba wananyamaza. Kwenye daraja la magogo mwalimu wa zamu akasimama katikati ya maji, suruali imekunjwa, anatupokea mmojammoja. Dada mmoja wa la sita kuni yake ikaanguka ikachukuliwa na maji, akalia njia nzima kwamba atafikaje msibani mikono mitupu, mpaka mvulana mmoja akamkatia yake vipande viwili kwa kuikanyaga kwenye jiwe. Kule juu wenyeji wanatuona tunatokea kwenye migomba, watoto tu, mstari hauishi, wakasimama wote. Yule mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka na wamama wenzake, akauliza kwa Kichaga hawa ni wa nani, akaambiwa ni wa kengele.

Ibada ndo ilikuwa kituko. Sisi tumezoea padre na maji ya baraka, mtoto mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti, mbona hawamnyunyizii? Akafinywa. Ikafika Baba Yetu, mchungaji akaanza, na sisi tukaingia kwa nguvu zote na ya kwetu, wao wanasema ufalme wako uje sisi tunasema ufike, ikawa vurugu tupu, halafu sisi tukamaliza kwa Amina moja ya kutetemesha kaburi kumbe wenzetu bado wanaendelea, kwa kuwa ufalme ni wako na nguvu na utukufu, na sisi tumesimama midomo wazi hatujui tuingie au tubaki. Baadaye mchungaji akasema wajukuu wa shule watuimbie. Mwalimu wa kwaya akageuka akatuangalia, nikaona jasho. Oktoba ni mwezi wa Rozari, mwezi mzima tulikuwa tunaimba nyimbo za Mama Maria tu, hakuna kitu kingine kilichokuwa kinakaa kichwani. Basi ukaimbwa wa Bikira Maria, beti zote, kwenye kaburi la Mlutheri, mbele ya mchungaji na wazee wa usharika na suti zao. Mchungaji akavua miwani, akasikiliza mpaka mwisho, akasema asanteni wajukuu, endeleeni kuimba hivyohivyo. Mpaka leo sijui kama alimaanisha au alikuwa anatukatisha kwa adabu.

Tukalishwa machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, kwenye majani ya migomba, na wajomba wawili watatu walikuwa nyuma ya nyumba na mbege yao, pombe ya ndizi, mchungaji asiione. Tulirudi jioni tumeloa. Katekista alikuja naye, nisimsingizie, alibeba kuni, na kwenye ile Baba Yetu ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote upande wetu. Kipaimara tulipata, vipaji saba tulishika.

Nimeandika marefu najua. Nilitaka kusema, oneni shule ya Kikatoliki ilivyokuwa inalea. Lakini nikisoma nilichoandika naona kuna tatizo, maana shule ile haikuwa ya Kikatoliki! Baada ya Azimio la Arusha 1967 serikali ikachukua shule za misheni, ikaliachia kanisa seminari, ya kwetu ikachukuliwa miaka hiyohiyo kabla sijazaliwa. Sisi tuliendelea kuiita ya misheni kwa sababu kengele ilikuwa inalia saa sita na paroko alikuwa anapita kuchungulia, lakini mwalimu mkuu alikuwa wa serikali, mlinzi wa serikali, kanisa lilikuwa na vipindi vyake vya dini vya katekista basi. Na aliyetupeleka kuzika ni yule asiyeonekana kanisani, aliyekuwa na wasiwasi ni mtu wa kanisa. Sasa hapo niwajibu nini?

Nije kwa binti yangu. Tunakaa Dar, anasoma kwa masista, na sala pale zipo kuliko tulizosali sisi: asubuhi, kabla ya chai, Malaika wa Bwana kwenye spika, Misa katikati ya wiki, Njia ya Msalaba Kwaresima kila Ijumaa, chama cha watoto cha Utoto Mtakatifu na tisheti zao (tisheti tunalipia). Oktoba iliyopita mmoja wa wapishi alifiwa na mume. Tangazo likaja kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, tukatuma rambirambi kwa simu, mweka hazina akaweka orodha ya waliotoa, zikafuata emoji za mikono ya kusali, ikaisha. Watoto hawakuambiwa, ilikuwa wiki moja kabla ya upimaji wa darasa la nne. Mimi ndiye niliyemwambia binti yangu, mama anayekupikia maharage kila siku amefiwa na mumewe. Akaniuliza, kwani aliolewa? Hakuuliza kwa ubaya, hajui tu, atajulia wapi. Basi la shule linamchukua getini kumi na moja na nusu alfajiri, linamrudisha jioni, katikati ni darasa. Wanafunzi wenzake wanatoka Kimara, Mbezi, Tegeta, akifiwa mmoja huyo mwingine hata njia ya kwao haijui.

Na kuna jambo la jumuiya. Kanda yetu hii ya Afrika Mashariki maaskofu wenyewe tangu miaka ya sabini wamekuwa wakituambia kanisa linaanzia kwenye Jumuiya Ndogondogo, nyumba kwa nyumba. Halafu mtoto anafundishwa Komunyo shuleni, anapokea shuleni na gauni na keki, na kwenye jumuiya yetu ya Jumamosi asubuhi hawamjui. Mwenyekiti wetu aliwahi kuniuliza mbele ya watu, mama nanii, hivi una watoto? Niliudhika, lakini alikuwa anauliza swali la haki.

Ila tusiwabebeshe masista mzigo wote. Nani anayelilia wastani wa A? Ni sisi. Kikao cha wazazi mwaka jana sista mkuu alipendekeza watoto wa la tano na la sita wawe wanatembelea wagonjwa mara moja kwa mwezi, mzazi mmoja akasimama akauliza hiyo inaingia kwenye mtihani upi? Watu wakapiga makofi. Na mimi sikuwapigia, lakini sikusimama kumtetea sista vilevile, nilikuwa nawaza foleni ya Morogoro Road.

Kwa hiyo mhariri ukinibana nijibu kwa neno moja, kwa ile maana yangu ya mtu wa nani, nasema hapana, hazilei, zinasalisha. Simaanishi zote, za vijijini na za parokiani ambako watoto wanatembea kwa miguu huenda ni tofauti, na hata hii ya kwetu wako masista wawili ambao wanajua jina la kila mlinzi na wanawapigia watoto kelele wasipowasalimia. Na kabla hamjanipongeza kwa msimamo, mdogo wa binti yangu anaanza palepale Januari, fomu nimeshachukua, maana shule ya serikali iliyo karibu nasi mtoto wa mdogo wangu yuko darasa la watoto mia na kitu na mwalimu mmoja, na mimi sina moyo huo.

Nitakachofanya ni kikao kijacho kusimama na kuomba msiba wa mfanyakazi wa shule uwe na wawakilishi wa watoto, darasa moja tu, hata kama ni mtihani. Najua hoja itakayokuja ni ya basi, dizeli na nani anawajibika mtoto akipotea. Sasa kama kuna mzazi humu ambaye shule yake bado inapeleka watoto msibani, naomba aandike anieleze wanafanyaje kwenye hilo la usafiri, na barua ya ruhusa kwa wazazi wanaiandikaje.