Akrabu ya chungwa haijaharibika, usikubali ifunguliwe

Ndugu, umeuliza kwamba saa ya Rolex Explorer II aliyokuachia ami yako ile akrabu (mshale) ya rangi ya chungwa huwezi kuirekebisha peke yake na fundi wa hapo mjini anataka kuifungua na kubadilisha uso. Wallahi usimpe! Ikiwa ni ile ya kwanza, modeli namba 1655, iliyotoka mwaka 1971, haina ubovu wowote, ndivyo ilivyoundwa, akrabu hiyo imefungwa pamoja na ile ya saa na inazunguka mara moja tu kwa siku, manake saa ilitengenezewa watu wanaoingia mapangoni huko chini ambako jua huoni siku kadhaa, sasa ukiona saa nne unataka kujua ni ya asubuhi au ya usiku, basi unaangalia ya chungwa inaelekea wapi kwenye ile ringi ya nje yenye 24.

Na kutong'aa gizani ni kawaida, ile rangi ya kung'aa ni ya tritiamu, nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Usipakwe mpya. Mimi ya babu yangu fundi aliipaka upya akaipiga na polishi, zile kona kali za kasha zikaisha zikawa duara kama sabuni, mpaka leo roho inaniuma.

Ila chumvi yetu hii ya Mombasa iogope, usiogelee nayo Nyali, mpira wa ndani unaozuia maji umeshazeeka. Tupia picha ya uso tuone.