Mkanda wa pikipiki ya theluji unaohamia upande mmoja: kagua fremu kabla ya kugusa bolti za ekseli

Ndugu, umeeleza mambo matatu yanayokusumbua katika pikipiki yako ya theluji, mashine yenye skii mbele na mkanda mpana wa mpira unaozunguka chini na kuisukuma. Mkanda wa chini unahamia kushoto kila baada ya safari, ingawa ukiunyoosha kwenye stendi hutulia. Plastiki ya kutelezea iliyo kwenye reli moja, kati ya mihimili miwili mirefu ambayo mkanda huteleza chini yake, inalika upesi kuliko ya reli ya pili. Na ukivuta mafuta kwa ghafla unasikia kishindo chini ya miguu. Wengi wamekushauri ukaze bolti ya kurekebishia iliyo upande wa kushoto wa ekseli ya nyuma, nawe umeshaikaza mara kadhaa bila nafuu ya kudumu. Mimi nimetengeneza suspensheni za nyuma za mashine hizi kwa majira mengi ya baridi, na ushauri wangu ni kwamba bolti hiyo uiache kwanza. Iliwekwa ili kunyoosha mkanda unaozunguka fremu ya reli iliyonyooka. Ikitumiwa kufidia kasoro ya fremu, kasoro hubaki palepale, na mkanda unakuwa umekazwa kupita kiasi bila sababu.

Inafaa kwanza kuelewa mkanda unavyovutwa. Sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayouendesha, ziko mbele, nazo huuvuta kupitia sehemu yake ya juu, kwa hiyo mvutano mkubwa huanzia pale mkanda unapoikamata theluji, huzunguka ekseli ya nyuma, kisha hurudi kwa juu hadi kwenye sproketi. Sehemu inayobaki bila mvutano ni ile fupi ya mbele, pale mkanda unapoteremka kutoka kwenye sproketi kuelekea kwenye reli, na ulegevu wote hukusanyika hapo. Maana yake ni kwamba kila unapovuta mafuta, ekseli ya nyuma pamoja na fremu nzima ya reli huvutwa kwenda mbele kwa nguvu nyingi. Ikiwa bushi za viungo vya suspensheni upande wa kushoto zimelika, upande huo husogea mbele kidogo kuliko wa kulia, na kwa kuwa mkanda hukimbilia upande uliolegea, utahamia kushoto. Ulegevu huohuo ukifika mbele, meno ya ndani ya mkanda huruka juu ya sproketi, na hicho ndicho kishindo unachokisikia. Kwa hiyo dalili zako tatu zinaweza kabisa kuwa na chanzo kimoja, na ndiyo sababu kwenye stendi, ambako mkanda hauna mzigo, kila kitu huonekana kimenyooka.

Kabla hujaanza kazi, tafadhali zingatia usalama, kwa maana mkanda unaozunguka hewani huweza kurusha jiwe, barafu au kipande cha chuma kwa kasi ya kuua. Nyuma ya mashine asisimame mtu yeyote, kuwe na kizuizi imara, na injini izimwe kabisa kila mkono au spana inapoingia karibu na mkanda. Mkanda uliopo hewani uzungushwe polepole tu.

Ondoa barafu yote. Barafu iliyojibana kati ya magurudumu madogo na reli huusukuma mkanda pembeni, na nimeona watu wakilegeza bolti za mashine iliyohitaji maji ya uvuguvugu tu. Mkanda ulioganda pia huwa mgumu na hauning'inii ipasavyo, kwa hiyo vipimo vyote vichukuliwe mashine ikiwa imekaa mahali pasipo na baridi kali.

Baada ya hapo, shika kila gurudumu dogo kwa vidole, ulizungushe, kisha ulitikise kuelekea kushoto na kulia. Beringi nzuri huzunguka kimya bila kutikisika. Mashine nyingi hutumia beringi ya namba 6205, yenye tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 52 na unene wa milimita 15, au ile ndogo zaidi ya namba 6004, na zote mbili hupatikana kokote zinakouzwa beringi. Gurudumu la nyuma lenye beringi iliyokufa hulala upande, na mkanda hulifuata. Hakikisha pia kwamba spesa za ekseli ya nyuma, yaani vipande vya kutenganisha magurudumu, zilirudishwa kila moja upande wake, kwa sababu baada ya matengenezo ya haraka ni kawaida kukuta spesa ndefu imewekwa pa fupi.

Sasa tufike kwenye fremu yenyewe, na hapa nakuomba usiharakishe. Pima kwa tepu kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi kwenye tundu moja la bolti lililo mbele ya reli, kwanza upande wa kushoto kisha wa kulia. Ukiikuta ekseli imerudi nyuma zaidi upande wa kushoto, hilo ni zao la kukaza kwako tu, basi uirudishe hadi vipimo vya pande zote mbili vilingane. Pima tena umbali kati ya reli na reli, mbele, katikati na nyuma. Pima na pembe kwa pembe, kutoka mbele ya reli ya kushoto hadi nyuma ya reli ya kulia, na kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, fremu imekaa mshazari. Laza rula ndefu ya chuma ubavuni mwa kila reli, kwani reli iliyogonga jiwe huweza kupinda kiasi ambacho jicho halikioni.

Fremu ikiwa ya mstatili na bado mkanda unahama, chunguza mikono miwili inayoiunganisha fremu na bodi. Inua nyuma ya mashine mpaka suspensheni ining'inie, mtu mmoja aweke kidole pale mkono unapoingia kwenye shafti yake, mwingine ashike mwisho wa reli na kuusukuma mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Kidole husikia mchezo, yaani ulegevu wa kiungo, ambao jicho halitauona. Bushi nzuri haina mchezo wa kusikika. Iliyolika hugonga, nawe utaona grisi nyeusi yenye chembe za chuma ikitoka pembeni. Fungua bolti nne zinazoshika suspensheni kwenye bodi na uzikague pia, maana bolti iliyolegea kwa muda mrefu hulitanua tundu lake likawa la mviringo mrefu, na tundu la namna hiyo hata ukibadilisha bolti halishiki.

Niliwahi kuletewa mashine yenye dalili kama zako. Vipimo vyote vilikuwa sawa na bushi zilikuwa mpya. Nilipoupangusa mkono wa nyuma kwa kitambaa chenye petroli, karibu na mahali palipochomelewa, upande wa kushoto, palibaki mstari mwembamba wa kutu, mwembamba kama unywele, ambao kila nilipoukandamiza mkono ulitoa tone dogo la maji ya rangi ya chai. Ulikuwa ufa. Mkono ulikuwa unajikunja kila mashine ilipovuta, na ulirudi mahali pake kila iliposimama. Tangu hapo siufungi mkono wa suspensheni kabla ya kuuosha na kuukagua kwenye viungo vyote vya kuchomelea, na nakushauri nawe ufanye hivyo.

Usizisahau springi za kujisokota zinazobeba uzito wa nyuma. Kila upande una springi yake na kirekebishi chake cha kuongezea ugumu, na ikiwa kimoja kimewekwa hatua ya juu na cha pili hatua ya chini, au springi moja imevunjika mguu, nyuma ya mashine hukaa upande na fremu hubonyea kwa mshazari. Shokapu iliyovuja mafuta huonekana kwa urahisi. Iliyopoteza gesi tu ni ngumu zaidi kuitambua, lakini ukiifungua na kuibonyeza kwa mkono utasikia inaingia bila upinzani mwanzoni, kisha inashika kwa ghafla.

Lipo jaribio moja litakalokusaidia kutenganisha kasoro ya fremu na kasoro ya mkanda wenyewe. Weka alama ya rangi kwenye mkanda, uuzungushe polepole, na utazame nafasi iliyopo kati ya klipu za chuma za mkanda na reli. Mkanda ukikaa upande mmoja wakati wote, tatizo liko kwenye fremu, ekseli au magurudumu. Ukiyumba kushoto na kulia, na kuyumba huko kukarudia kila alama inapopita, mkanda umevutika bila usawa au umevunjika fito ya ndani upande mmoja, na hakuna bolti itakayoutibu. Kuendelea kurekebisha ekseli kwa mkanda wa namna hiyo ni sawa na kuranda mlango ambao bawaba yake ndiyo iliyolegea.

Baada ya yote hayo kuthibitika ndipo tunafika kwenye mvutano, ambao huwekwa kabla ya kunyoosha. Hapa watu hupotoshana sana kwa kupeana namba za mashine zisizofanana. Mtengenezaji mmoja hukutaka uning'inize uzito wa takriban kilo 4.5 kwenye mkanda, mwingine uvute kwa nguvu ya kilo 7.3, mwingine kilo 9, na kila mmoja hupima mahali pake na hutaka mkanda ushuke kwa milimita zake. Kuchukua milimita za mmoja na uzito wa mwingine hakutakupa jibu lolote, kwa hiyo fuata kitabu cha mashine yako peke yake, pamoja na maelezo yake kama suspensheni iwe inaning'inia au imebebeshwa uzito. Urefu wa njia ya mkanda hubadilika suspensheni inapobonyea, na hubadilika pia ukifupisha au kurefusha mshipi unaouwekea kikomo mkono wa mbele. Mshipi mfupi huongeza uzito kwenye skii na kuifanya mashine itii usukani. Mrefu huipa nyuma mshiko zaidi mashine inapoondoka. Vyovyote utakavyochagua, mvutano upimwe upya baada ya kuugusa mshipi.

Kunyoosha kwenyewe ni kazi nyepesi fremu ikiwa nzima. Legeza bolti ya ekseli, washa injini, acha mkanda uzunguke polepole, kisha uuache usimame wenyewe bila kushika breki, maana breki huuvuta na kuharibu usomaji. Zima injini. Angalia upande ambao klipu zimekaribia reli, na ukaze bolti ya kurekebishia ya upande huo kwa robo ya mzunguko, au ulegeze ya upande wa pili kwa kiasi hichohicho ikiwa mvutano umeshafika juu. Rudia mpaka nafasi zilingane, kisha kaza nati za kufungia na bolti ya ekseli kwa kipimo kilichoandikwa, na upime mvutano tena. Kwa kukaza upande mmoja mara kwa mara bila kulegeza wa pili, kama ulivyoeleza, mvutano umekuwa ukipanda kila mara, na hiyo ni sababu mojawapo inayotosha kueleza kulika kwa plastiki.

Kuhusu plastiki yenyewe, isome vizuri kabla ya kuitupa. Hutengenezwa kwa polithini ngumu sana inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, na kinachoipoza ni theluji inayorushwa na mkanda. Ikilika mbele, kwenye mpindo wa reli, shuku mkanda uliokazwa mno au mshipi uliofupishwa kupita kiasi. Ikilika ubavuni, na klipu za upande huo zikiwa zinang'aa kwenye ukingo, huo ni mkanda unaosugua kwa kuhama. Ikiwa imelainika na kuvutika nyuzi kwa urefu wote wa reli zote mbili, mashine imeendeshwa kwenye barafu tupu bila theluji ya kupoza, na hapo dawa ni vile vyuma vidogo vya kukwaruza barafu vinavyofungwa kwenye reli ili virushe chembe juu ya mkanda. Badilisha plastiki za pande zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa tofauti ya unene peke yake huinua upande mmoja.

Kishindo kikiendelea hata baada ya mvutano kuwa sahihi na bushi kuwa nzima, hamia kwenye sproketi. Meno ya ndani ya mkanda yakiwa yamekatwa pembe, au sproketi moja imeteleza kwenye shafti isilingane na mwenzake, kuruka kutaendelea. Uliza pia kama mkanda uliwahi kubadilishwa. Umbali wa meno hutofautiana kati ya mikanda, upo wa milimita 64, wa milimita 72.6 na wa milimita 76.2, na mkanda wa kipimo kimoja haukubaliani na sproketi za kipimo kingine hata ukiingia bila shida.

Ukimaliza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye kila bolti ya kurekebishia hadi kwenye reli, uendeshe safari fupi yenye kuvuta na kupunguza mafuta, kisha uangalie. Mistari ikiwa imeachana, nati za kufungia hazishiki na zinahitaji kubadilishwa. Mistari ikiwa imebaki sawa na mkanda umehama tena, rudi kwenye mkono wa nyuma, uutoe kabisa, uuoshe, na utuletee picha za viungo vyake vya kuchomelea pamoja na vipimo vya pembe kwa pembe.