Maswali na majibu: Pat Pattle, rubani ambaye hesabu yake haijafungwa

Huyu Pattle alikuwa nani, na mbona hasikiki?
Marmaduke "Pat" Pattle alizaliwa Butterworth, Afrika Kusini, mwaka 1914. Jeshi la anga la kwao lilimkataa, akaenda Uingereza na kupokelewa na RAF, jeshi la anga la Uingereza, mwaka 1936. Vita vyake vya angani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Libya, Ugiriki na Albania, havikufika miezi tisa, tena mbali na magazeti ya London yaliyokuwa yameshughulika na marubani wa kwao.

Aliangusha ndege ngapi hasa?
Wapo wanaosema 40, wapo wanaosema 50 na ushei. Waingereza walipokimbia Ugiriki Aprili 1941, karatasi za vikosi zilipotea, na siku zake za mwisho zikajengwa upya kwa shajara na kumbukumbu za wenzake. Na hata karatasi zikiwepo, marubani wawili huweza kuipiga ndege moja, kila mmoja akaiandika yake. Au ndege itoe moshi, izame mawinguni, ihesabiwe imeanguka. Anayekutajia tarakimu moja bila kusita, mwulize kaitoa wapi.

Aliwezaje na Gladiator, ndege ya mabawa mawili juu na chini?
Kwa shabaha. Gladiator ilikuwa na rashasha 4 tu za risasi za milimita 7.7, kwa hiyo kupiga kutoka mbali ni kumwaga risasi bure. Tuseme Fiat CR.42 ya Kiitalia inakatiza mbele yako kwa kilomita 400 kwa saa, nawe uko mita 200. Risasi itachukua kama sekunde 0.3 kufika, na kwa muda huo adui amesogea mita 30 hivi. Fiat yenyewe ina urefu wa mita 8 na kidogo. Basi ukimlenga rubani, risasi zinapita nyuma ya mkia. Unalenga hewa tupu mbele ya pua, karibu urefu wa ndege nne. Wengi hukosea hapo kwa kuwa jicho halikubali kulenga patupu. Dawa ni kusogea: kwenye mita 50 kosa lote linapungua hadi robo.

Shabaha haikumkinga na kila kitu. Agosti 4, 1940 aliangushwa Libya, akaruka kwa mwavuli, akatembea jangwani hadi askari wa Uingereza walipomwokota.

Nishani je?
DFC, nishani ya Uingereza ya ushujaa angani, Februari 1941, na ya pili Machi. Chache mno kwa kazi ile.

Alikufaje?
Aprili 20, 1941, akiwa na homa kali, aliongoza ndege za kivita za Hurricane 15 hivi zilizosalia kuilinda Athens. Aliiona ndege ya Kijerumani, Messerschmitt 110, imemganda mwenzake Woods, akashuka kumnusuru. Nyingine zikamjia kwa nyuma. Ndege yake iliangukia ghuba ya Eleusis. Woods naye alikufa.

Kuna aliyetokea kwetu Afrika Mashariki katika pambano lile?
Roald Dahl, Mwingereza aliyekuja kuwa mwandishi wa vitabu vya watoto; alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell Dar es Salaam, akajiunga na RAF Nairobi mwaka 1939. Siku ile alirusha Hurricane ya Kikosi Na. 80, akatua salama.